Mafuta ya Majani Juu ya Supu: Somo Kutoka Jiko la Kakuma

Anayetaka kujua namna ya kuyatia mafuta harufu ya majani asianzie Ulaya. Aanzie Kakuma.

Huku ughaibuni yamekuwa mtindo: supu ya malenge mezani, na juu yake matone ya kijani kibichi. Majani ya rehani au dania huchovywa kwa sekunde chache katika maji yanayochemka, hutiwa kwenye maji ya barafu, hukamuliwa, husagwa na mafuta, kisha huchujwa kwa kitambaa. Rangi ya majani huyeyuka katika mafuta, na harufu vilevile, maana sehemu kubwa ya manukato ya mimea haipatani na maji. Majani yakitokota muda mrefu sufuriani, harufu hupaa na mvuke. Yakitangulia kuingia kwenye mafuta, na mafuta yakadondoshwa mwishoni, huelea juu, na moto wa supu huileta harufu puani kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Wapishi wa Kiethiopia walilijua hilo tangu zamani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Turkana nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992, na pamoja na vijana wa Sudan waliokuja kwa miguu, wakafika Waethiopia waliokimbia kwao baada ya serikali ya Mengistu Haile Mariam kuanguka Mei 1991. Migahawa yao ikawa sehemu ya soko la kambi. Mtu akila shiro, mchuzi wa Kiethiopia, pale, harufu inayomvuta ni ya niter kibbeh: siagi iliyoyeyushwa kwa moto mdogo pamoja na vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, uwatu, manjano na iliki ya Ethiopia. Huongezwa majani ya koseret na ya besobela, ndugu wa kivumbasi chetu. Povu huenguliwa, maji hukauka yote, machicha huchujwa. Inayobaki ni samli safi yenye harufu ya bustani nzima, na kijiko kimoja hutosha chungu.

Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga, na siagi hailiwi. Viungo vilevile basi hupikwa ndani ya mafuta ya kula. Na mafuta hayo Kakuma kila jiko liliyajua, kwa sababu yaligawiwa katika posho pamoja na nafaka na kunde, yakiwa yameongezwa vitamini A.

Lakini kinachonivutia zaidi ni ule ukaushaji wa maji. Mchana joto la Turkana huzunguka nyuzi 35, na nyumba nyingi hazina friji. Wafugaji wa Turkana nao hutikisa maziwa kwenye kibuyu, hupata siagi, kisha huichemsha iwe samli ya kuwafaa maziwa yanapoadimika. Maji yakitoka, vijidudu havina pa kuishi.

Mafuta ya kijani ya mtindo wa ughaibuni ni kinyume chake. Jani bichi na kitunguu saumu kibichi vina maji, na vinaweza kubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum kutoka udongoni. Bakteria huyu hustawi pasipo hewa, na chini ya mafuta hewa haifiki. Sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia, na chakula chenye sumu hiyo huenda kisinuke wala kubadilika ladha. Mwaka 1985 watu 36 waliugua Vancouver, Kanada, kwa kitunguu saumu kilichokaa ndani ya mafuta nje ya friji. Kuchemsha kwa kawaida hakuziui mbegu hizo. Zinahitaji nyuzi 121 chini ya shinikizo.

Kwa hiyo nawasihi jamaa wa Lodwar, huko Turkana, wanaoona picha za chupa nzuri zenye matawi ya majani zikianikwa dirishani: msiziige. Ukitaka mafuta ya dania, saga kiasi cha mlo mmoja, chuja, tumia siku hiyohiyo, yaliyobaki mwaga. Mwenye friji asiyaweke zaidi ya siku chache, au ayagandishe. Anayetaka ya kukaa atumie majani yaliyokauka kabisa, au afuate njia ya samli na kuchuja kila punje.

Kwa supu ya mbuzi, kijiko kimoja cha chai kwa bakuli kinatosha, kitiwe moto ukishazimwa, na ndimu ikamuliwe baadaye.