Shule Maalumu za Umma: Vigezo vya Kuzilinganisha

Shule maalumu ya umma, kwa maana inayotumika nchini Kenya, ni shule inayogharimiwa na serikali na kupangiwa walimu na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na ambayo wanafunzi wake ni watoto wenye ulemavu. Hutofautiana na kitengo maalumu, yaani darasa moja au mawili ya watoto hao ndani ya shule ya kawaida, na hutofautiana pia na elimu jumuishi, ambapo mtoto mwenye ulemavu huketi darasa moja na wenzake na kupewa msaada humo humo. Mzazi wa Eldoret anayemtafutia mtoto wake nafasi hulazimika kupima njia hizi tatu kwa pamoja, na mara nyingi huanza na kigezo kisichofaa kabisa, ambacho ni wastani wa alama za mitihani.

Ramani ya shule hizi ilichorwa na makanisa kabla ya Wizara ya Elimu kuishika kalamu. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika mwaka 1946, na madhehebu mengine yakafuata mkondo huo, kila moja likijenga pale lilipokuwa na misheni, na shule kwa kawaida ikichukua aina moja ya ulemavu. Serikali ilipounda kamati ya Ngala Mwendwa mwaka 1964 kuchunguza malezi na elimu ya watu wenye ulemavu, mgawanyo huo ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Ndiyo maana hadi leo, ingawa Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, familia ya mjini humo yenye mtoto asiyeona huenda ikaelekezwa Kapenguria, kwenye shule ya St. Francis, na yenye mtoto kiziwi ikaelekezwa Kapsabet katika kaunti jirani ya Nandi. Bweni, basi, si chaguo la mzazi anayependa mtoto alale shuleni. Limeletwa na uchache wa shule na umbali wake.

Kabla ya kulinganisha shule yapasa kujua zinalinganishwa kwa ajili ya mtoto gani. Kazi hiyo ni ya vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ambamo walimu waliosomea elimu maalumu humpima mtoto, huwasikiliza wazazi na kupendekeza mahali pa kumsomesha. Eldoret ina nafuu ambayo miji mingi haina, kwa kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko hapo hapo, pamoja na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Hata hivyo cheti cha daktari hueleza hali ya sikio au jicho, ilhali mwalimu huhitaji kujua mtoto anajifunza kwa njia gani, na mambo hayo mawili hayafanani.

Katika shule za viziwi kigezo kinachotangulia vyote ni lugha. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua ishara, kwa hiyo wengi wao huanza shule bila kuwa na lugha kamili, na huipata kwa mara ya kwanza kutoka kwa wanafunzi wakubwa, bwenini na uwanjani, mara nyingi kwa kasi kuliko darasani. Kwa miaka mingi shule za Kenya zilishikilia kumfundisha kiziwi kutamka na kusoma midomo, na ni katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ndipo ishara zilipoanza kukubaliwa kama njia ya kufundishia. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, na watahiniwa viziwi huruhusiwa kuifanyia mtihani badala ya Kiswahili. Shule mbili zenye majengo sawa zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana ikiwa katika moja hata mpishi na mlinzi huongea kwa ishara, na katika nyingine mwalimu mgeni bado anaandika ubaoni na kusubiri.

Kwa wasioona, suala ni vifaa: mashine za kuandikia breli, yaani maandishi ya nukta nundu, na vitabu vinavyofika muhula ukiwa umeanza, si ukiwa unakwisha. Wanaoona kwa kiasi, wakiwemo wengi wenye ualbino, wanahitaji zaidi maandishi makubwa kuliko breli, na shule isiyowatenganisha kwa mahitaji yao huwanyima macho waliyobakiwa nayo.

Ulemavu wa akili na usonji ndio unaovunja kabisa mantiki ya alama. Mtaala wa umilisi umewawekea wanafunzi hawa njia isiyofuata madaraja ya umri, inayopitia hatua ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi na hatimaye ya ufundi, na humo mafanikio ni mtoto kujivisha, kuvuka barabara, kuhesabu pesa za sokoni au kushona. Wastani wa shule hauwezi kuonyesha hata moja ya hayo. Kinachofaa kuulizwa ni waliomaliza wako wapi leo.

Linalobaki ni kitengo maalumu cha mjini, ambacho kwa wazazi wengi huvutia kwa kuwa mtoto hurudi nyumbani jioni. Mvuto huo ni wa haki, na hata Ibara ya 54 ya Katiba inataka taasisi za elimu zinazomweka mtu mwenye ulemavu ndani ya jamii kadiri maslahi yake yanavyoruhusu. Udhaifu wake ni kwamba kitengo aghalabu husimama juu ya mwalimu mmoja aliyesomea fani hiyo, hivi kwamba akihamishwa darasa hubaki na jina tu, wakati shule maalumu hupoteza mwalimu mmoja na kuendelea na waliobaki. Kwa hiyo swali la walimu wangapi wamefunzwa, na nani atashika nafasi mwalimu wa kwanza akiondoka, hutangulia swali la umbali wa shule kutoka nyumbani.