Ufa Chini ya Theluji

Barafuto ni mto wa barafu, na kama mto wowote hushuka kwa uzito wake. Barafu ya chini, iliyobanwa na mzigo wote wa juu, hunyumbuka polepole kama nta iliyopata joto. Ya juu haina mbano huo, hivyo hubaki ngumu isiyonyumbuka: mteremko unapoinama ghafla, tabaka hilo huvutika na kupasuka. Nyufa nyingi hazipiti sana kina cha meta 30 au 40, kwani chini ya hapo barafu hujifumba yenyewe.

Mwendo huo wa barafu uliwahi kuthibitishwa kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1820, kwenye mlima Mont Blanc, maporomoko ya theluji yaliwasomba waongozaji watatu wa msafara wa Dkt. Joseph Hamel hadi ndani ya ufa. Mwanafizikia Mskoti James Forbes, aliyepima kasi ya barafu za Alps, alikadiria kuwa miili ingetokea bondeni baada ya miaka 40 hivi. Mabaki yalianza kuonekana mwaka 1861, kwenye ncha ya barafuto ya Bossons.

Ufa ulio wazi si taabu; huzungukwa. Wa kuogopwa ni ule uliofunikwa na daraja la theluji. Louis Lachenal, mmoja wa watu wawili wa kwanza kufika kilele cha Annapurna mwaka 1950, alikufa mwaka 1955 alipotumbukia katika ufa akiteleza kwa skii huko Vallée Blanche, juu ya mji wa Chamonix.

Ndiyo maana watu hufungana kamba. Wakiwa watatu huachana kama meta 10. Wakiwa wawili huachana zaidi, na kati yao hupigwa mafundo makubwa ili yanase kwenye ukingo wa ufa mtu akianguka. Huondoka kabla ya mapambazuko, madaraja yakiwa bado yameganda, na nyufa huvukwa kwa kukingama, wasije wote wakasimama juu ya daraja moja.

Mmoja akitumbukia, mwenzake hujitupa chini na kukita shoka la barafu na njumu za viatu. Kisha nanga huchimbwa: mtaro mfupi uliokingama na kamba, ndani yake shoka lililolazwa, limevishwa kitanzi cha utepe katikati ya mpini. Kitanzi hutokea kwa mfereji mwembamba unaoelekea ufani. Mfereji ukiwa na kina kidogo kuliko mtaro, kitanzi huvuta shoka kwenda juu na nanga hung'oka. Wanafunzi wengi hukosea hapo hapo. Theluji iliyo mbele ya mtaro haikanyagwi, maana ndiyo inayobeba mzigo.

Mzigo huhamishiwa kwenye nanga kwa fundo la prusiki, linaloitwa kwa jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelitangaza mwaka 1931. Uzi mwembamba huzungushwa mara tatu juu ya kamba nene: bila uzito husogezwa kwa mkono, ukipata uzito hung'ata. Nguvu yake yote ni msuguano.

Kuvuta ndiko kugumu. Kamba ikirudishwa kwa kapi mbili, mvutaji huvuta meta 3 ili mtu apande meta 1, na kwa hesabu kilo 80 hugeuka kama kilo 27. Hesabu hiyo ni ya darasani. Kamba ikiwa imezama kwenye ukingo, msuguano ule ule uliomzuia mtu kuanguka zaidi sasa humzuia kupanda. Mwokoaji, akiwa amejifunga kwenye nanga, hutambaa hadi ukingoni, hufagia theluji bila kummwagia aliye chini, na kutandika mpini wa shoka au begi chini ya kamba. Mafundo nayo, yaliyookoa maisha dakika chache kabla, hayapiti kwenye kapi. Kwa hiyo watu wawili hubeba kamba ya ziada, iliyokunjwa begani; huteremshwa ikiwa imekunjwa mara mbili, na kapi kwenye pindo, na aliye ufani huinasa kwenye mkanda wake wa kiunoni.