Dola 44 za Mgeni

Tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, mtalii atokaye nchi za nje hana budi kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kuingia Visiwani. Mtu mzima hulipa dola 44 za Kimarekani, na bima hiyo humkinga kwa siku 92.

Wako wageni walionung'unika. Lakini mwananchi wetu aombaye viza fupi ya kwenda Ufaransa au Ujerumani hutakiwa aonyeshe bima isiyopungua Yuro 30,000, itakayolipa matibabu ya dharura na hata gharama za kurudisha maiti kwao. Hatujapata kusikia Ulaya ikiliita jambo hilo dhuluma.

Hata hivyo tuna neno. Mgeni huyu hakuachiwa hiari. Hata mwenye bima aliyoikata kwao hulazimika kununua hii pia. Aliyelazimishwa kununua kwa mwuzaji mmoja ana haki kubwa zaidi ya kutimiziwa. Akivunjika mguu kule Nungwi usiku wa manane, asiambiwe atoe kwanza fedha zake mfukoni, kisha aandike barua za madai miezi na miezi. Simu yake ipokelewe. Daktari amjue mlipaji. Ikiwa lazima avushwe kwenda Dar es Salaam, chombo kipatikane usiku ule ule.

Tunalitaka Shirika litangaze kila mwaka ni madai mangapi yaliyoletwa, mangapi yaliyolipwa, na baada ya siku ngapi.