Mwinuko wa Nchi na Asili ya Mbegu Zetu

Katika barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu, msafiri apitaye Nyamwaga huona migomba na mibuni kando ya nyumba. Akianza kuteremka kuelekea Nyamongo na Kewanja, mibuni huadimika, na kabla hajaufikia Mto Mara amekwisha kuingia katika nchi ya mihogo, mtama na migunga. Watu wa juu husema kwa mzaha kwamba watu wa bondeni hawapendi kazi ya kahawa. Mzaha huo hauna msingi. Mbuni wenyewe ndio usiopenda kushuka, na sababu yake ni ya kale kuliko ushirika, tena ya kale kuliko kilimo chenyewe.

Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mvua nayo hubadilika, kwa kuwa upepo wenye unyevu ukigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Hivyo mlima mmoja huwa na hali nyingi za hewa, moja juu ya nyingine. Mfano ulio wazi nchini Tanzania ni Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Upande wake wa kusini mvua huongezeka hadi karibu mita 2,200, ndani ya msitu, kisha hupungua mpaka kileleni ambako ni mawe matupu na barafu. Aina zipatazo 2,500 za mimea huota katika mlima huo.

Isidhaniwe kwamba mimea hiyo yote ilitoka mahali pengine ikaja kuchagua makao. Mlima wenyewe huzaa aina mpya. Katika kila uzao huwamo miche inayotofautiana kidogo na wazazi wake: mmoja una majani manene zaidi, mwingine huchelewa kuchanua. Baridi ya juu huua mingi, na iliyosalia ndiyo itoayo mbegu. Zaidi ya hayo, mmea wa juu huweza kuchanua wakati jamaa zake wa chini wamekwisha kuchanua, na chavua zao zisikutane tena. Vizazi vikipita kwa maelfu, koo hizo mbili huwa spishi mbili. Hayo ndiyo wataalamu wayaitayo mageuko.

Penye mita 4,000 jua la mchana huunguza na usiku maji huganda, karibu mwaka mzima. Huko huota seneshio kubwa, mti wa mita kadhaa ambao jamaa zake wengi duniani ni mimea midogo tu. Majani yake yakifa hayaanguki, bali huuzunguka mti na kuufunika kama blanketi. Jirani yake, lobelia ya Kilimanjaro, huyafunga majani yake jioni, na katikati yake huhifadhi maji. Maji hayo yakiganda juu, chipukizi lililo chini hubaki salama. La ajabu zaidi ni kwamba Kilimanjaro una seneshio zake, Meru una zake, na hali ni hiyo hiyo katika Mlima Kenya, Elgon na Ruwenzori. Kwa mmea uliozoea baridi, mbuga ya joto iliyo kati ya milima miwili ni kama bahari, na kila mlima ni kisiwa. Mbegu nyepesi iliyobahatika kuvushwa na upepo ilianza ukoo wake mpya huko ilikofika.

Milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa si mirefu kiasi hicho, lakini ni ya kale sana, na mvua za Bahari ya Hindi zimeitunza misitu yake kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo ina mimea mingi isiyoonekana popote pengine. Ua dogo la Saintpaulia, lililopewa jina hilo mwaka 1893, asili yake ni huko; leo linafugwa katika vyungu madirishani kote Ulaya, na huenda linajulikana zaidi London kuliko Korogwe.

Kahawa ina historia ya namna hiyo hiyo. Robusta ni ya misitu ya joto. Spishi nyingine ya mwituni, eugenioides, huota katika nyanda za juu za Uganda, Kenya ya magharibi na magharibi ya Tanzania. Hapo zamani za kale spishi hizo mbili zilichanganyika zenyewe, bila mkono wa mtu, na mtoto wao ndiye Arabika, aliyekulia katika misitu ya milimani ya kusini-magharibi ya Ethiopia. Ndiyo maana Arabika hutaka ubaridi. Ikipandwa bondeni huiva upesi, punje hukosa uzito, na kutu ya majani huishambulia sana, maana ugonjwa huo hupenda joto.

Hata hivyo, juu nako si salama. Chulebuni, ugonjwa uozeshao matunda mabichi, uligunduliwa Kenya ya magharibi mwaka 1922, nao hustawi penye baridi na unyevu. Mibuni ya mashambani ilikuwa na udhaifu mkubwa, kwa kuwa kahawa iliyoenezwa duniani kupitia Yemen ilitokana na mbegu chache mno. Kinga ilipatikana kwa kurudi kwenye asili. Aina iitwayo Rume Sudan, iliyotoka uwanda wa Boma huko Sudan Kusini, ilikuwa na ukinzani, na nyingine ilitoka kisiwa cha Timor, mahali ambapo Arabika ilichanganyika tena na Robusta. Kenya ilitumia damu hizo kupata Ruiru 11 mwaka 1985, na chotara za Lyamungu zilipatikana kwa njia ya namna hiyo. Kama misitu ile ingefyekwa mapema, kinga hiyo isingekuwapo.

Katibu anayeagiza mbegu za wanachama hukutana na jambo hili kila msimu. Mahindi chotara ya Kitale, yaliyoanza kutolewa mwaka 1964, yalizaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kenya na mahindi ya milima ya Ecuador. Ni mbegu za nyanda za juu, zihitajizo mvua ndefu. Chama kikiagiza mbegu moja kwa wote, ya Nyamwaga hujaza ghala, na ya Kewanja hukauka ikitoa mbelewele, kisha lawama humwangukia muuza mbegu. Kwa bondeni afadhali aina ya muda mfupi kama Katumani, na mtama usidharauliwe. Orodha ya wanachama ingefaa iwe na safu ya kuonyesha shamba la kila mmoja liko juu au chini.

Tena hewa inazidi kuwa na joto, na mstari wa kahawa unapanda. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mbuni ukisogea juu hukutana na hifadhi. Nyanda za Tarime ni fupi kuliko mlima ule, na huko mbuni unaosukumwa na joto utafika kileleni mapema.