Swali Lililoulizwa Vyema: Kiswahili na Jumuiya za Maswali na Majibu ya Waundaji Programu





Utangulizi

Mada ya Kiswahili na teknolojia tumezoea kuijadili kwa njia moja. Msemaji husimama, huorodhesha istilahi zilizopo, huhesabu zinazokosekana, kisha huiomba serikali iunde kamati. Jioni ya leo naomba ruhusa yenu nipite njia nyingine. Hoja yangu ni kwamba istilahi haikomai kwa kutungwa tu, wala kwa kuingizwa kamusini. Hukomaa pale wenye tatizo wanapoitumia kuuliza, na wenye ujuzi wanapoitumia kujibu, mbele ya watu, kwa maandishi yanayobaki.

Nitaanza na kisa kilichotokea hapa kisiwani Pemba. Msimu mmoja wa karafuu, mwanafunzi wa kompyuta alimtungia ami yake programu ndogo ya kuhesabu malipo ya wachumaji. Kama mjuavyo, mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Programu ilifanya kazi, lakini jioni hesabu zilipungua, na wachumaji walinung'unika kwamba wanadhulumiwa. Kijana aliandika swali kwa Kiingereza katika jumuiya moja ya kimataifa ya waundaji programu. Aliandika kwamba programu yake haifanyi kazi, akaomba msaada wa haraka. Swali lake lilifungwa siku ile ile kwa sababu halikueleweka.

Alipokuja ofisini kwangu kwa jambo jingine nilimwona amefadhaika, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu: "Profesa, nikiandika pishi tatu na vibaba viwili, yaani 3.5, huhesabu pishi tatu tu. Nikiandika pishi tatu kamili, huwa sawa." Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Lakini mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akisubiri mlangoni alisema bila ya kufikiri sana: "Unahifadhi namba nzima. Vibaba vyako vinakatwa." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kijana yule hakukosa akili, na Kiingereza chake si kibaya. Kilichopotea katika swali lake la kwanza ni vibaba. Hakujua avitajeje kwa lugha ile, akadhani havina maana, akaviacha. Kumbe jibu lote lilikuwa ndani ya vibaba.

Jumuiya ya maswali na majibu ni kitu gani?

Jumuiya mashuhuri zaidi ya aina hii ni Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky wa Marekani. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Mtu huuliza swali moja mahususi kuhusu uundaji wa programu. Yeyote anayejua huweza kujibu. Wasomaji hupiga kura juu ya swali na juu ya majibu, na aliyeuliza huonyesha jibu lililomfaa. Kura hizo humjengea mtu sifa, na sifa humpa madaraka: mwenye sifa ya kutosha huweza kusahihisha maandishi ya wenzake, au kushiriki katika kulifunga swali lisilofaa. Swali lililokwisha kuulizwa huunganishwa na lile la awali, ili jibu liwe mahali pamoja.

Msingi wa utaratibu huu ni kwamba jibu halimlengi muulizaji peke yake. Linamlenga pia mtu wa mwaka kesho atakayepatwa na tatizo lile lile. Ndiyo maana muulizaji hutakiwa aeleze alichokusudia, alichofanya na kilichotokea, na atoe mfano mfupi kabisa unaoweza kurudiwa na mwingine. Ujumbe wa hitilafu hunakiliwa neno kwa neno, kwa kuwa ndio atakaoutafuta mtu mwingine.

Utaratibu huu una kasoro zake pia. Mwaka 2018 wasimamizi wa Stack Overflow walikiri hadharani kwamba jumuiya yao haikuwa ikiwakaribisha vyema wageni. Mgeni aliyekosea namna ya kuuliza alijibiwa kwa ukali, na wengi hawakurudi. Funzo kwetu ni kwamba jumuiya hukuzwa na wanaojibu, na huweza kuuawa na hao hao.

Stack Overflow ilifungua pia matawi ya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani. Tawi la Kiswahili halikufunguliwa.

Sarufi yetu kama chombo cha kuulizia

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakifai kwa maswali ya kompyuta. Naomba turudi kwenye sentensi ya yule kijana: nikiandika 3.5, huhesabu 3. Kiambishi -ki- kimetaja sharti. Kiambishi hu- kimesema kwamba matokeo ni ya kila mara. Mtaalamu yeyote akiletewa tatizo, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni hili: je, hutokea daima au lilitokea mara moja? Kiswahili humlazimisha msemaji kulijibu jambo hilo kabla hajaulizwa. Anayesema "ilijifunga" ametoa habari moja. Anayesema "hujifunga" ametoa nyingine.

Tutazame pia mnyambuliko wa vitenzi. "Faili halifunguki" na "faili halifunguliwi" si sentensi moja. Ya kwanza, kwa kauli ya kutendeka, huielekeza akili kwenye hali ya faili lenyewe: pengine limeharibika. Ya pili, kwa kauli ya kutendwa, huashiria kwamba yupo mtenda asiyelifungua: pengine mfumo umekataza. Hapo fundi amekwisha kuonyeshwa pa kuanzia. Tena tunacho kiambishi -ka- cha mfuatano: nilibonyeza kitufe, dirisha likafunguka, ujumbe ukatokea, programu ikajifunga. Hizo ni hatua za kurudia tatizo, zimepangwa kwa utaratibu bila ya kuhitaji namba wala vishale.

Tatizo letu limo zaidi katika msamiati, na hata huko si uhaba pekee unaotusumbua. Tunayo maneno kosa, hitilafu, dosari na kasoro. Mwundaji programu anahitaji kutofautisha mambo matatu: kukosea kwa mtu aliyeandika, ila iliyobaki ndani ya programu, na kushindwa kunakoonekana wakati wa kuitumia. Maneno tunayo ya kutosha mambo yote matatu. Tusichonacho ni mazoea ya pamoja yanayosema neno hili ni la jambo hili. Mazoea hayo hayaletwi na waraka.

Hapa yafaa kukumbuka juhudi za miaka ya 2000. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni ya Microsoft ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows. Zilikuwa kazi za heshima, na wataalamu wetu walizitolea jasho. Lakini menyu ya kompyuta husema tu, haiulizwi ikajibu. Mtumiaji alilikuta neno limekwisha kukatwa, naye hakuwa na pahala pa kulijaribu katika mazungumzo. Hadi leo tarakilishi na kompyuta, nywila na neno la siri, kabrasha na folda yanaishi bega kwa bega. Sioni ubaya kwa maneno mawili kushindana. Ubaya ni kuyanyima uwanja wa kushindania.

Uwanja tuliokuwa nao

Uwanja wa namna hiyo si mgeni kwetu. Watoto wa pwani huanza na kitendawili. Mmoja hutaja, wenzake huitikia "tega", na wakishindwa humpa mji ndipo afumbue. Ni swali la hadhara lenye kanuni, na kushindwa humo si aibu: hulipiwa mji, mchezo ukaendelea. Ipo tofauti, kwamba mtegaji hujua jibu na mwundaji programu halijui. Lakini adabu ya kumruhusu mtu ashindwe mbele ya wenzake bila ya kumvunjia heshima ndiyo ile iliyokosekana kwa wale waliowafukuza wageni.

Watu wazima walikuwa na kujibizana kwa mashairi. Kisiwa hiki kiliwatoa Kamange na Sarahani. Tungo zao, zilizokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, zilichapishwa mwaka 2011 katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba. Katika desturi ya kujibizana, anayejibu huchukua bahari ya aliyeuliza, na mara nyingi hata vina vyake. Kwa njia hiyo jibu hufungamana na swali, na anayehifadhi moja huvutwa kuhifadhi la pili. Wasikilizaji ndio waliokuwa waamuzi: shairi lililowaridhisha lilikaririwa na kunakiliwa, lisiloridhisha likasahauliwa. Baadaye magazeti, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, yaliupanua uwanja huo, mshairi wa mji mmoja akaweza kujibiwa na asiyemjua wa mji mwingine.

Nakuombeni mlinganishe. Swali la hadhara, jibu linalofuata umbo la swali, hukumu ya wasomaji, na kumbukumbu. Nguzo zote nne za jumuiya ya waundaji programu tulikuwa nazo. Kilichobadilika ni mada.

Kwa nini sasa?

Mtu ataniuliza: kwa nini tujisumbue, na leo kijana humuuliza roboti na akajibiwa papo hapo, hata kwa Kiswahili? Ni kweli kwamba tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, idadi ya maswali mapya katika Stack Overflow imepungua mno. Lakini mashine hizo zilijifunza kutokana na maandishi ya watu. Mwaka 2024 kampuni ya Stack Overflow ilitangaza makubaliano na Google na OpenAI ili majibu yaliyoandikwa na wanachama wake yatumiwe na mashine hizo. Maswali ya watu wa kawaida, yaliyojibiwa bure kwa miaka mingi, yamekuwa mali yenye bei.

Lugha ambayo wasemaji wake hawakuuliza hadharani haina cha kuifunzia mashine. Mashine itajibu kwa Kiswahili cha kutafsiri, na wanafunzi wetu watakichukua kuwa ndicho Kiswahili cha taaluma. Tena kinachoulizwa faraghani hakibaki. Jibu alilopewa yule kijana mlangoni kwangu lilimsaidia yeye na ami yake. Msimu unaofuata mwingine atavipoteza vibaba vile vile, na wachumaji wengine watapunjwa.

Namna ya kuanza

Napendekeza mambo matano. Kwanza, tuanze na uwanja mwembamba. Jumuiya yenye maswali mia yaliyojibiwa vizuri juu ya lugha moja ya programu ina faida kuliko yenye milango kumi na vyumba vitupu. Pili, walimu wa kompyuta na wa Kiswahili washirikiane, ili kuandika swali zuri na jibu zuri iwe kazi ya darasani inayopewa alama. Mwanafunzi aliyelitatua tatizo lake peke yake naye aliandike, swali na jibu, kwa faida ya wengine.

Tatu, ujumbe wa hitilafu na matini ya programu viachwe kama vilivyo, hata vikiwa vya Kiingereza, na maelezo yawe ya Kiswahili. Nne, maneno yanayoshindana yaruhusiwe yote, na anayetumia moja aliandike la pili kando mara ya kwanza, ili msomaji asipotee. Baada ya miaka michache BAKITA na BAKIZA watakuwa na ushahidi wa matumizi wa kutolea uamuzi. Maneno ya lahaja nayo yasifukuzwe. Kamusi la Lahaja ya Kipemba lililotolewa na BAKIZA mwaka 2012 ni ghala ambalo bado hatujalifungua kwa ajili ya taaluma.

Tano, adabu. Stack Overflow huyaondoa maamkizi na shukrani katika maswali, kwa hoja kwamba hayamsaidii msomaji wa baadaye. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwetu swali lisilo na salamu hukwaruza sikio. Tusiige wala tusikatae upofu. Salamu iwekwe mara moja, pale mtu anapojiunga, ihesabiwe kuwa imewafikia wote. Na anayemsahihisha mgeni amwonyeshe swali lake lilivyopaswa kuandikwa, badala ya kumfungia mlango.

Hitimisho

Kijana yule, baada ya programu yake kutengemaa, nilimwomba aliandike upya swali lake kwa Kiswahili, na yule mwenzake aandike jibu. Maandishi hayo hayazidi nusu ukurasa. Ndani yake mna pishi, vibaba, namba nzima, namba zenye sehemu, kuhifadhi na kukata, kila neno likifanya kazi yake. Nimeyafundisha miaka mingi masuala ya istilahi, na nakiri kwamba sijapata mfano bora kuliko huo.

Wanafunzi wangu, mkitoka humu ukumbini kila mmoja wenu analo tatizo moja alilolitatua mwezi huu. Liandikeni.