"Nitaenda" na "naendaka": kwa nini tunaacha mazoezi

Mara tatu nililipa mwezi mzima katika sale ya mazoezi hapa Lubumbashi, na mara tatu niliacha kabla mwezi haujaisha. Pesa ya mara ya tatu ilitoka kwa mama, anayeuza unga wa bukari. Hakuniuliza maneno mengi. Baba alipooza upande wa kuume akiwa na miaka 51, sababu ya tansio, na muuguzi aliponipima mimi, mwenye miaka 24, alinyamaza kidogo kabla ya kunitajia namba.

Kwa hiyo sababu nilikuwa nayo, hata woga nilikuwa nao. Nilichokosa ni nini? Wenzangu fakulteni walijibu neno moja: hamu. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokutana na utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 na Milne, Orbell na Sheeran. Walichukua wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Kundi la kwanza halikupewa msukumo wowote. La pili lilisoma maelezo ya kuamsha hamu: mazoezi yanavyoukinga moyo na ugonjwa. La tatu lilisoma maelezo yale yale, kisha kila mtu akaandika sentensi moja inayotaja siku, saa na mahali atakapofanya mazoezi. Wiki iliyofuata, waliofanya mazoezi angalau mara moja walikuwa asilimia 38 katika kundi la kwanza, 35 katika la pili, na 91 katika la tatu.

Hamu peke yake haikuongeza kitu. Sentensi ndiyo iliyoongeza.

Sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kushtuka. "Nitaenda sale" ni sentensi sahihi kabisa, lakini ile -ta- inaelea: kesho ni wakati ujao, mwakani pia ni wakati ujao. Tazama sasa -ki-: "Jumanne na Ijumaa, nikitoka oditwari, nitapita sale kabla ya kurudi nyumbani." Hapa kitendo kipya kimefungwa kwenye kitendo ambacho kitatokea tu, nipende nisipende. Sihitaji tena kujiuliza kama leo nina hamu.

Lakini wiki moja si mwaka. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuata watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya la kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani, zoea lilihitaji siku 66 mpaka lijiendeshe lenyewe. Wengine 18, na kwa mwingine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuvunja kitu. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mara ya pili niliacha kwa sababu ya mvua ya jioni moja tu: nilikosa Jumanne, nikajiona nimeshashindwa, Ijumaa nikaona aibu kumtazama kochi.

Mara ya kwanza niliachishwa na maumivu. Hakuna aliyeniambia kwamba misuli isiyozoea huuma zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha huacha. Wala sikujua kwamba katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli iliyopo. Anayetafuta kifua kipya kwenye kioo wiki ya pili anatafuta kitu ambacho hakijafika.

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina alama yake ya zoea: naenda, naendaka. Kiswahili sanifu kina hu-, ambayo haichukui hata kiambishi cha nafsi: mimi huenda, wewe huenda, yeye huenda. (Na "huenda" hiyo hiyo ina maana ya "labda", jambo ambalo katika miezi yangu mitatu ya kwanza lilikuwa ukweli mtupu.) Hakuna anayeweza kusema "naendaka" siku anapolipa. Lile -ak- linadai kwamba kitendo kimesharudiwa.

Sasa niko wiki ya kumi na moja ya jaribio la nne. Ni siku 77, lakini nisijidanganye: watu wa Lally walirudia kila siku, mimi ni mara mbili kwa wiki, na nimekosa mara nne. Kwa hesabu ya kweli nimerudia mara 18. Tansio imeshuka kidogo. Muuguzi anasema bado ni mapema kufurahi.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika, tukafanya pompe kwa mwanga wa simu. Nilipofika nyumbani, mdogo wangu alinisimulia kwamba jirani alikuja kunitafuta, na mama akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye unga wake: "Eko ku sale. Siku ya mardi anaendaka."