Mambo ya kuzingatia kabla ya kuinua gari lako

Na Mwandishi Wetu

SI jambo geni siku hizi kumkuta mkazi wa Goba, Kinyerezi au Chanika jijini Dar es Salaam akiwa amepeleka gari lake dogo gereji, si kwa sababu limeharibika, bali kwa nia ya kuliinua ili lisiendelee kukwaruza chini kila anapoiacha barabara ya lami na kuingia ya vumbi.

Magari kama Toyota IST, Vitz na Premio yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, hivyo uwazi kati ya ardhi na sehemu yake ya chini ni mdogo. Dawa inayotolewa kwa haraka kuliko zote ni spesa, yaani kipande cha chuma, aluminiamu au plastiki ngumu kinachopachikwa juu ya shokapu. Kwa saa chache gari hupanda inchi moja hadi mbili, na mteja huondoka akiwa ameridhika.

Kinachosahaulika ni kwamba kuinua gari na kuliimarisha ni mambo mawili tofauti.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi hiyo isiendelee kurukaruka baada ya gurudumu kuingia shimoni. Ndani ya shokapu mna bomba lenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Pistoni inaposukumwa, mafuta hulazimika kupenya kwenye matundu hayo na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Shokapu iliyochoka huliacha gurudumu lidunde, na gurudumu lililoko hewani halishiki breki wala halitii usukani. Hivyo suala hili linahusu usalama kabla ya kuhusu starehe ya abiria.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa fundi lisiwe gari litapanda kiasi gani, bali lililopo lina hali gani. Mafuta yanayovuja kwenye mwili wa shokapu ni dalili ya wazi. Dalili nyingine ni tairi kulika kwa mabonde mabonde, pua ya gari kuinama mno unapofunga breki, na gari kuendelea kuyumba juu na chini baada ya kuvuka tuta. Watengenezaji kadhaa hushauri shokapu zikaguliwe zinapofikisha kilomita 80,000, na gari lililonunuliwa likiwa limetumika huwa mara nyingi limekwishaupita umbali huo. Aidha, bushi za mikono ya chini na bolijointi zikaguliwe pamoja nazo, kwa kuwa shokapu mpya haiwezi kuficha bushi iliyopasuka.

Anayeweka spesa juu ya shokapu kuukuu anaibakiza kasoro ileile na kuiongezea nyingine. Mwili wa gari unapopanda, mikono ya chini na shafti za magurudumu ya mbele huinama kuliko ilivyokusudiwa, viungio vyake huchakaa mapema, mipira ya breki huvutika, na magurudumu hupoteza mwelekeo wake sahihi. Kibaya zaidi ni ule mtindo wa kubana vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi. Mpira huo huizuia sehemu ya springi isifanye kazi, uzito wote ukahamia kwenye mizunguko iliyobaki, na hapo ndipo springi inapoweza kukatika.

Gari lililoinuliwa pia hupinduka kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 waandishi wa jarida moja la magari nchini Sweden walilipindua gari jipya la Mercedes-Benz A-Class walipokuwa wakijaribu kukwepa kizuizi kwa ghafla. Kampuni ililazimika kusimamisha mauzo kwa muda, kurekebisha springi na shokapu, na kuongeza mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti mwelekeo. Ikiwa hilo liliwapata wahandisi wa kiwanda kikubwa namna ile, mwenye gari lililoinuliwa chini ya mwembe hana budi kujiuliza litakuwaje siku atakapomkwepa bodaboda kwenye mteremko wa Kimara.

Anayetaka kuboresha gari la matumizi ya kila siku aanze na shokapu za ubora sawa na za kiwandani. KYB, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Kayaba, na Monroe ni miongoni mwa majina yanayofahamika. Kwa anayesafiri mara kwa mara katika barabara za vumbi zenye mawimbi, shokapu za gesi zina faida ya wazi: mafuta yakichemka na kutoa povu shokapu hulegea, na gesi iliyoshindiliwa ndani hupunguza povu hilo. Zile za bomba moja hupoa haraka zaidi kuliko za mabomba mawili, ingawa kwa kawaida huwa ngumu na bei yake ni kubwa. Kwa safari za Posta na Mwenge, za mabomba mawili zinatosha.

Uwazi ukibaki kuwa tatizo, springi ndefu au ngumu kidogo zilizotengenezwa kwa modeli husika, zikifungwa pamoja na shokapu zinazolingana nazo, ni bora kuliko spesa. Kiasi cha milimita 20 hadi 30 kinatosha kwa gari dogo. Ikumbukwe pia kwamba kwenye IST boriti ya nyuma hupanda kidogo tu hata mwili ukiinuliwa. Kinachoiinua hasa ni tairi kubwa, ambayo nayo hupotosha kipimo cha mwendo. Tairi likiongezeka kwa asilimia tano, saa ikionyesha 100 gari liko 105. Seti za kurekebishwa urefu, kama za TEIN ya Japani, ni nzuri kwa apendaye kona na lami. Kwa matuta ya barabara ya Morogoro nyingi ni adhabu kwa mgongo.

Katika ununuzi, nenda Kariakoo au Gerezani ukiwa na namba ya modeli iliyoandikwa kwenye bati la gari. IST pekee ina NCP60, NCP61 na NCP65, na hii ya mwisho huendeshwa kwa magurudumu yote manne, hivyo jina la gari peke yake halitoshi. Shokapu zinunuliwe mbili mbili kwa kila ekseli, na za mtumba ziepukwe, kwa kuwa kwa kuitazama tu huwezi kujua uchovu wa vali zilizomo ndani.

Wakati wa kufunga, bolti za bushi zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Vinginevyo mpira hubaki umejipinda na kupasuka baada ya muda mfupi. Baada ya hapo gari lipimwe alaimenti, na lipimwe tena springi mpya zikishatulia. Taa za mbele nazo zishushwe kulingana na kimo kipya, kwani wanaopishana nawe usiku ndio wa kwanza kuumizwa macho na gari lililopanda.